Meno ya Mtu Mwingine

Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.
Redio ilisema tusitoke pasipo haja.
Babu akasema haja tunayo,
akavaa soksi mbilimbili,
akanizungushia skafu hadi puani kama anayefunga kifurushi.

Shule imefungwa, mama yuko zamu.
Na wazee wa Seoul wakitimiza miaka sitini na mitano
hupanda treni bure; ndiyo maana kampuni ya vifurushi
ilimwajiri Babu, yeye na kadi yake na magoti yake.
Mimi nililipa nusu.

Euljiro, ghorofa ya tatu, ngazi za chuma.
Karakana inanuka plasta na nta.
Fundi alitukabidhi kisanduku kisichozidi kiganja:
meno, seti nzima, juu na chini,
yafike Nowon kabla ya saa sita.
Babu hakuyatia mkobani.
Aliyasweka ndani ya koti, upande wa moyo.
"Nani anataka kuvaa meno ya baridi?"

Chungmuro tukabadili treni. Alitembea kwa haraka
ya mtu anayechukia kuuliza njia.
Ramani anayo kwenye simu, haifungui.
Tulitokea mlango wa nne badala ya wa tisa,
upepo ukatupokea kwa makofi,
tukarudi chini, tukapanda, tukakosea tena.
"Tunatalii," akasema.

Na kweli tulitalii.
Niliona kopo la soda limenaswa kwenye barafu ya mfereji.
Niliona kijana wa pikipiki akipasha glavu kwenye ekzosi.
Makoti meusi marefu, maelfu, yote yaleyale;
ningempoteza Babu pale kama si kofia yake ya kijani.
Na mama mmoja akipanga viazi vitamu juu ya pipa la moto,
mvuke umemla uso, imebaki sauti tu:
"Viwili elfu tano, mzee, kwa ajili ya mtoto!"

Tulinunua kimoja, tukagawana. Mimi nilitafuna.
Yeye alikisukuma kwa ulimi, shavu la kushoto,
shavu la kushoto tena,
kama mtu anayehamisha kabati katika chumba kidogo.
Mganga hajigangi,
na mchukuzi wa meno je?

Kliniki. Mwenyewe alikuwa akisubiri,
Bibi Maeng, mkono mdomoni, macho sakafuni.
Wakamwita ndani. Tungeweza kuondoka,
risiti ilishagongwa muhuri,
ila Babu akainama kufunga kamba za viatu.
Akafunga. Akafungua. Akafunga.
Kamba gani hizo!
Mlango ukafunguka, bibi akatoka,
hakutabasamu, alisema tu,
"Yana joto,"
akashtuka, maana neno lilitoka zima,
halikuvuja hewa.
Babu akaniangalia kama aliyeshinda kesi.

Mchana tulibeba okidi iliyovikwa magazeti,
ya mtu fulani aliyepandishwa cheo ng'ambo ya mto.
Treni ikapanda darajani: Mto Han,
kingo zimeganda, katikati maji meusi
yanapita zake kama hayajaambiwa.
Mlinzi wa jengo lile aliipokea okidi kwa mikono miwili.
Sisi alituachia nje ya kioo.

Kurudi, kuna viti vinavyopashwa moto kwa chini.
Babu alilala kabla hatujavuka tena,
mdomo wazi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.
Nikahesabu.
Konkuk: mawili, juu.
Gunja: moja la nyuma, lenye dhahabu.
Junggok: pengo, pengo, kisiki.
Yongmasan akakohoa, nikapoteza hesabu,
nikaanza upya.

Won elfu kumi na tano mfukoni mwake, malipo ya siku nzima,
na harufu ya kiazi.

Myeonmok, kituo chetu,
milango ikafunguka, baridi ikachungulia ndani,
milango ikafungwa.
Sikumwamsha. Nilikuwa nimefika sita.